Ziara ya Adwa mjini Addis Ababa: mwongozaji safi, ratiba wairekebishe

Kama unabadilisha ndege Addis Ababa na una nusu siku ya kupoteza, ziara hii ya Vita vya Adwa, ambako Ethiopia iliishinda Italia mwaka 1896, haina hasara. Nililipa dola 40, gari na mwongoza watalii humo humo, viingilio unajitegemea. Kampuni yenyewe ni ndogo, sitaitaja, maana nina lawama mbele.

Kwanza sifa. Mwongozaji aliniambia kwa simu atanipitia saa tatu, na saa tatu yao ndiyo yetu, wanahesabu kuanzia alfajiri. Mzungu angemsubiri mpaka alasiri.

Alianzia mtaa wa Piassa, chini ya sanamu ya Mfalme Menelik wa Pili akiwa juu ya farasi, mbele ya Kanisa la Mtakatifu George. Hakuanza na tarehe, alianza na maji. Januari 1896 Waitaliano wamejifungia ngomeni Mekelle, na Malkia Taytu, mke wa Menelik, ndiye aliyeshikilia kwamba chemchemi zao zitekwe. Kiu ikawatoa. Kisha akachukua risiti yangu, akageuza nyuma, akachora vilima vya Adwa kwa kalamu: hapa vikosi vya Jenerali Baratieri wa Italia vinatembea usiku, ramani mbovu, hapa jenerali wake Albertone amepitiliza yuko peke yake, wenzake hawamfikii. Mchana wa tarehe 1 Machi jeshi la Italia la watu wapatao 17,000 limeshavunjika mbele ya watu wa Menelik karibu 100,000. Oktoba mwaka huohuo Italia ikatia saini kuitambua Ethiopia kuwa nchi huru. Ile risiti ninayo bado.

Sasa mimi ni Mhehe wa Kalenga, nikambana. Mkwawa, mtawala wetu, naye aliwachapa Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kamanda wao Zelewski akafia palepale, lakini 1894 ngome yetu ikaanguka. Kwa nini ushindi wa Menelik ulidumu? Akasema Menelik alikuwa na bunduki nyingi na mizinga, tena wakuu wa Shewa, Gojjam, Tigray na kwingineko walikuja na watu wao. Halafu baada ya kushinda hakuvuka kwenda kuikomboa Eritrea, alikaa mezani. Eritrea ikabaki kwa Waitaliano, na ndiko walikotokea tena mwaka 1935. Nikamuuliza pia kuhusu Waeritrea waliotekwa wakipigana upande wa Italia. Hakuzungukazunguka: wengi walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Nilipenda hakuficha, ila haya yangekuwa ndani ya maelezo yake bila mtu kuuliza. Ushindi ukisimuliwa nusu unakuwa tangazo la utalii.

Kanisani unavua viatu. Vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle vinastahili dakika zako, na humo ndimo alimotawazwa Haile Selassie mwaka 1930.

Lawama ni hii. Jumba la kumbukumbu ya Adwa lililofunguliwa 2024 liko hapohapo Piassa, na sisi tuliliona kupitia dirisha la gari, muda umeisha! Umeishia wapi? Kwenye duka la zawadi ambalo sikuomba kupelekwa, tukakaa humo kuliko tulivyokaa kanisani. Muuzaji akanivisha kofia ya kijani, njano na nyekundu, akaniambia ni rangi za Jamaika. Yuko Addis Ababa! Rangi za bendera yao wenyewe, ambazo Ghana ilizichukua mwaka 1957 kwa heshima ya nchi iliyomshinda mkoloni, leo wanamuuzia Mwafrika kwa jina la Bob Marley. Dereva alikuwa anacheka chini chini. Sikununua.

Mwongozaji nampa nyota tano, ratiba nyota mbili. Ukiweka nafasi, waandikie mapema kwamba duka hulitaki, muda huo uhamie makumbusho. Na sweta ubebe, asubuhi kuna baridi kama Mafinga.