Galaxy S9 tatu, duka moja: uzoefu wangu wa kubadilishiwa simu

Ndani ya miezi mitano nimeshika Galaxy S9 tatu, zote za mtumba, zote kutoka duka moja la Kampala, na nimelipia moja na kipande. Ukisikia hivyo utadhani nasifu huduma. Subiri kidogo.

Ya kwanza niliinunua mwenyewe nikiwa nimesimama dukani, shilingi 420,000, waranti miezi sita. Ilikuwa SM-G960F/DS, ya laini mbili, maana huku kwetu Arua mtu mwenye MTN bila Airtel ni nusu mtu. Wiki haikuisha nikairuti, yaani nikajipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, kwa programu iitwayo Magisk. Sikufanya hivyo kwa sifa, ni bando tu. Ukiwa na ruti unaweka AFWall+, programu ya kuchagua nani aguse intaneti, unaruhusu WhatsApp na barua pepe zipite, programu zilizobaki unazifungia mlango. Bando langu la wiki lililokuwa likikata roho siku ya nne likaanza kufika Jumapili.

Mwezi wa tatu kioo, ambacho wao wenyewe walikuwa wamekibadilisha kabla ya kuniuzia, kikatoa mstari wa kijani kutoka juu mpaka chini. Nikaitia simu kwenye boksi, nikaikabidhi ofisi ya mizigo ya basi la usiku, nikampigia kijana wa kaunta. Kesho yake akanipigia yeye.

"Mzee, hii umeichokonoa. Knox inasoma 0x1."

Hapo alikuwa na haki yake. Knox ni mfumo wa usalama wa Samsung, nao wameuwekea ndani ya simu fyuzi ya kielektroniki. Ukipandisha programu ya mfumo isiyo na sahihi yao fyuzi inaungua, 0x0 inageuka 0x1, na hata ukirudisha famuwea (programu mama ya simu) ya kiwandani alama haifutiki. Lakini kuruti hakuchori mistari kwenye kioo, nikamwambia. Tulivutana siku mbili, tukaishia kwenye mimi kuongeza 60,000.

Simu ya pili ikaja kwa basi. Jina lilelile, rangi ileile. Kuiwasha tu, ikatokea nembo ya kampuni ya simu ya Marekani. Nikatafuta sindano, nikavuta kile kijisahani cha laini: tundu moja. Nikaingia kwenye mipangilio kusoma namba ya modeli. SM-G960U.

Hiyo herufi ya mwisho ndiyo iliyoniponza. F inatumia chipu ya Exynos 9810, na ukifungua menyu ya wasanidi unakuta swichi ya kuruhusu butiloda, ile programu ndogo inayoamsha simu, ifunguliwe. U ya Marekani inatumia Snapdragon 845, na swichi hiyo haimo. Sikusema imefifia, haimo kabisa. Butiloda imefungwa na Samsung hawatoi ufunguo, na Magisk bila butiloda iliyofunguliwa haina pa kushika. Kwa mtu asiyejali ruti, U ni simu nzuri tu, kasi yake sina neno nayo. Mimi nilikuwa nimepoteza AFWall+ na laini ya Airtel kwa mpigo mmoja.

"S9 ni S9, ssebo," kijana akaniambia, yaani "bwana" kwa Kiganda. Alipotoka kwenye "mzee" akaingia "ssebo" nikajua mazungumzo yamepanda bei.

Nikairudisha, nauli ya mzigo juu yangu. Safari hii nikamwomba kabla hajafunga boksi apige picha mbili: ukurasa wa kuhusu simu, na skrini ya hali ya kupakua inayoonyesha Knox, ile ya kubana sauti chini, Bixby na kuwasha kwa pamoja. Akapiga, nampa heshima yake. SM-G960F/DS, Knox 0x0. Nikalala usingizi.

Sasa hapa kosa ni langu. Famuwea ya simu ya kwanza nilikuwa nimeihifadhi kwenye memori kadi, toleo nililolizoea, nikataka kulirudisha kabla ya kuruti. Nikaunganisha kwenye laptopu, nikafungua Odin, programu ya kupandishia famuwea kwenye simu za Samsung. Ikagoma. Kwenye simu ukatokea mstari mwekundu mwembamba unaosema, kwa ufupi, kifaa 17, faili 7.

Kumbe kwenye zile picha nilitazama jina la modeli nikasahau namba ya famuwea. Chukua namba hiyo, hesabu herufi ya tano kutoka mwisho. Hilo ndilo toleo la butiloda. Inaanza 1 hadi 9, halafu A ni 10, B ni 11, inaendelea hivyo. Yangu ya zamani ilikuwa 7, hii imekuja na H. Kupanda unaruhusiwa, kushuka hapana, kwa sababu matoleo ya nyuma yana matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa. Wala si Samsung peke yao: Pixel 6 ya Google iliyopandishwa kwenda Android 13 mwaka 2022 haikuweza tena kurudishiwa butiloda ya Android 12.

Kwa hiyo ikabidi nipakue famuwea ya H, gigabaiti kadhaa, kwa bando la usiku, kwa ajili ya simu ninayotaka kuiruti ili niokoe bando. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Duka nalipatia nyota tatu kati ya tano. Walibadilisha mara mbili, hawakuzima simu wala kunikimbia. Nyota mbili nimewanyima kwa ile U, maana mtu anayeuza simu kila siku anajua tofauti ya tundu moja na mawili. Ukiwa mbali kama mimi, usikubali boksi lifungwe kabla hujatumiwa picha ya modeli na ya namba ya famuwea.

Simu ya tatu bado sijairuti. Faili ya H iko kwenye kadi, Knox inasoma 0x0, waranti inaisha tarehe 14 mwezi ujao. Mpaka siku hiyo bando linakufa Alhamisi.