Uzoefu wangu: misimu mitatu nikiwafuatilia makinda wa Pittsburgh Pirates

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambayo siku ya mechi ya Coastal Union hapakuwa na mazungumzo mengine. Shabiki wa Coastal hulijua dirisha la usajili kwa uchungu wake. Kijana anatoka mtaani, anapikwa Mkwakwani, na akishaiva wenye fedha wa Dar es Salaam wanakuja kumchukua. Bakari Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu. 2020 akaenda Yanga. Ubingwa wetu wa ligi ni ule wa 1988, na marehemu baba aliusimulia kana kwamba ulitwaliwa juzi.

Nilipohamia Pittsburgh sikutafuta timu ya besiboli. Lakini timu ya mji huu, Pirates, nilipoanza kusikia habari zake, niliifahamu mara moja. Ubingwa wake wa mwisho ni wa 1979. Ndani ya juma moja la Januari 2018 iliwaachia nyota wake wawili, Gerrit Cole akaenda Houston na Andrew McCutchen akaenda San Francisco, na watu wa hapa wakanuna vile vile wanavyonuna watu wa kwetu. Timu ya namna hii humfundisha shabiki wake kutazama chini, kwa makinda, kwa sababu huko ndiko tumaini linakoanzia.

Aliyenivuta hasa ni mzee mmoja wa Jinja ninayefanya naye kazi zamu ya usiku ghalani. Mwaka 2023 alinikuta kwenye kabati za nguo, simu mkononi: "Ndugu yangu, umesikia? Pirates wamemchukua kijana wetu." Kijana huyo ni David Matoma, mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) kutoka Uganda. Mwaka uliotangulia Dodgers, timu nyingine kubwa ya huku, walikuwa wameshawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mzee yule alinipa historia yote tukiwa tumesimama palepale: kwamba mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu mashindano ya dunia ya watoto wakanyimwa viza, na kwamba 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, yanakofanyika mashindano hayo, katika jimbo hilihili la Pennsylvania. Nilitoka kazini asubuhi ile nikalipia kifurushi kabla sijalala.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyetoa fedha yake kwa misimu mitatu. Nimetumia vitu vitatu: kifurushi cha kutazama mubashara mechi za ligi ndogo, zile zilizo chini ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, programu ya simu inayotuma arifa mchezaji anapohamishwa, na orodha ya kila siku ya uhamisho, ambayo ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti. Majina ya wenye biashara nayaacha.

Kwanza ngazi zenyewe, maana bila kuzijua utaona umenunua kelele. Tangu 2021 ligi ndogo zina timu 120, na kila timu ya Ligi Kuu ina nne za kukuzia wachezaji. Za Pirates ni Bradenton huko Florida, ambayo ni Singo-A, ngazi ya chini kati ya hizo nne. Greensboro ya North Carolina, Hai-A. Altoona ya hapahapa Pennsylvania, Dabo-A. Na Indianapolis, Tripo-A, mlango wa Ligi Kuu. Chini ya hizo kuna kambi ya Bradenton iitwayo Pirate City, na chini yake tena chuo cha timu kilichoko El Toro, Jamhuri ya Dominika. Matoma alianzia huko chini kabisa. Mechi za Dominika sikuzipata kwa picha. Nilizifuata kwa takwimu tu, safu moja ya namba kila alipopewa mpira. Nilijifunza kuisoma safu ile kama barua kutoka nyumbani.

Alipofika timu ya Bradenton ndipo fedha yangu ilipolipa. Kuna jambo ambalo watu wengi wanaonunua kifurushi hiki hawaambiwi: ligi ya Florida, ingawa ni ya chini, viwanja vyake vina mitambo ya kupimia kila mpira, na vipimo hivyo vinawekwa hadharani. Hai-A na Dabo-A huvipati. Kwa mtu anayemfuatilia mrushaji mwenye nguvu hilo ni jambo kubwa. Mpira wa Matoma unakaribia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, na namba ileile anayoiona kocha wake inanitokea mimi kwenye simu, nimekaa jikoni na chai ya tangawizi, saa moja jioni, kabla sijavaa viatu vya kazi. Tumezoea kuambiwa na wengine kwamba kijana fulani ana kipaji. Hapa unakiona chenyewe, mpira mmoja baada ya mwingine, na unaiona pia siku anayokosa shabaha.

Picha yenyewe si ya kusifia sana. Viwanja vingine vina kamera moja au mbili. Mpira ukipigwa mbali unauona unapaa kisha unawatazama watu wakikimbia. Mtangazaji ni wa timu mwenyeji na aghalabu yuko peke yake. Mimi huyo ndiye ninayempenda. Anajua nani amepanga kwa nani, nani mkewe amejifungua, nani alishushwa juzi na bado hajafungua begi. Watangazaji wa Ligi Kuu hawana nafasi ya kusema mambo hayo.

Sasa orodha ya uhamisho. Hiki ndicho kitu kilichonibadilisha, na hakina gharama. Sisi wa kwetu tumezoea madirisha mawili ya usajili kwa mwaka. Besiboli ya Marekani haifungi mlango: kila siku ya msimu kuna mtu anapanda, anashuka, anaumia, anaachwa. Ligi Kuu inaruhusu wachezaji 26 kikosini, 28 ikifika Septemba, lakini timu inamiliki haki za kikosi kikubwa zaidi cha watu 40. Mchezaji aliye ndani ya hao 40 anaweza kushushwa ligi ndogo bila timu nyingine kumgusa, kwa misimu mitatu. Wao wanaiita opsheni. Tangu 2022, katika msimu mmoja hawezi kushushwa zaidi ya mara tano. Mpigaji akishushwa anakaa chini angalau siku 10 na mrushaji siku 15, isipokuwa anarudi kuziba pengo la majeruhi. Misimu hiyo mitatu ikiisha, timu ikitaka kumshusha lazima imtoe kwanza mbele ya timu nyingine zote, na yeyote anayemtaka anamchukua.

Ukishalielewa hilo, mstari mmoja mkavu wa orodha unakuwa na sauti. "Amepelekwa Indianapolis." Huyo ana opsheni, atarudi. "Ameondolewa katika kikosi cha 40." Huyo ana siku saba za kutojua atalala mji gani. Mwaka 2023 mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo uliweka kima cha chini cha dola 26,200 kwa mwaka kwa Singo-A na dola 35,800 kwa Tripo-A. Kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka huohuo kilikuwa dola 720,000. Umbali kati ya Indianapolis na Pittsburgh ni mwendo wa saa sita kwa gari, na maisha ya mama zao wengi yamo ndani ya saa hizo sita. Tangu nizijue namba hizi sijaweza kumzomea mchezaji aliyeshushwa.

Orodha hiyohiyo ndiyo ingekuonyesha, kama ingekuwepo kwenye simu wakati ule, jinsi Pirates walivyompata mchezaji mashuhuri Roberto Clemente. Novemba 1954 Brooklyn Dodgers walikuwa wamemweka Montreal, kwenye timu yao ya kukuzia, bila kumlinda, yaani nje ya kikosi chao cha Ligi Kuu. Kanuni ya wakati ule, ambayo mtoto wake anaishi hadi leo kwa jina la Rule 5 na hufanyika kila Desemba, iliwaruhusu wengine kumchagua. Pirates walilipa dola 4,000. Alicheza hapa misimu 18, akaupiga mpira kwa mafanikio mara 3,000 kamili, na tarehe 31 Desemba 1972 akafa katika ajali ya ndege akiwapelekea misaada waliokumbwa na tetemeko la Nicaragua. Daraja tunalovuka kwenda uwanjani lina jina lake. Siku hizi anayechaguliwa kwa kanuni hiyo hugharimu dola 100,000 na lazima akae Ligi Kuu msimu mzima, la sivyo timu yake ya awali inapewa nafasi ya kumrudisha kwa nusu ya bei. Desemba, watu wengine wakiwaza sikukuu, mimi na mzee wa Jinja tunapitia majina ya wasiolindwa.

Nije kwenye malalamiko. Programu ya arifa nimeilipia misimu miwili na sitailipia tena. Ahadi yake ni kukuambia papo hapo. Mwisho wa Julai, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji, mpigaji niliyemfuata tangu Greensboro aliondoka Pirates mchana. Nilizipata habari hizo kwa watu kazini usiku. Arifa ilinifikia asubuhi ya pili nikiwa kwenye basi. Nilipositisha malipo walinikata tena mwezi uliofuata, na kurudishiwa fedha yangu kulinichukua barua pepe nne. Kama unataka taarifa, fungua mwenyewe orodha ya bure mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha jioni. Inatosha kabisa.

Na viwango vya makinda, zile orodha za vijana 30 bora wa kila timu, zisome kwa utulivu. Maskauti, yaani wasaka vipaji, hutoa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo wastani wa Ligi Kuu. Zinasaidia. Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2023, ambamo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akapanda hadi Pittsburgh Mei 2024, na mwisho wa mwaka akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake. Orodha zote zilikuwa zimemtaja. Lakini huyo ni mmoja. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa na mama yake katika chumba kidogo cha jengo la klabu ya besiboli pale Randburg, alisajiliwa na Pirates 2008. Ilimchukua zaidi ya misimu minane kupanda ngazi zile nilizozitaja. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa kutoka Indianapolis, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga kwa mafanikio mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Chicago Cubs. Nimeutazama mkanda ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama yake alikuwa ameshafariki, 2013. Ndiyo maana jina likishuka kwenye orodha ya 30 bora mimi silifuti kwenye daftari langu.

Kifurushi cha kutazama nakipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano wataipata wakiongeza kamera. Kwa anayetaka ushindi tu, anunue tiketi ya timu nyingine. Kwa Mswahili wa huku aliyekulia timu ya mkoani, mwenye zamu ya usiku na jioni tupu, sijui kitu kingine cha bei hii kitakachompa watu wa kuwajali kuanzia Aprili hadi Septemba.

Na ukiweza, usiishie kwenye simu. Kiangazi kilichopita mimi na yule mzee tuliendesha saa mbili kwenda Altoona, mji wa reli, Jumanne, siku yetu ya mapumziko. Nyuma ya ukuta wa kulia wa uwanja ule kuna bustani ya michezo yenye reli ya magari ya kupanda na kushuka kwa kasi. Tulikaa karibu na nyavu kiasi cha kumsikia mdakaji akiongea Kihispania na mrushaji wake. Kulikuwa na mpigaji mmoja aliyekosa mara tatu mfululizo, na kila alipopita kurudi benchi mzee alimwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Pole, mwanangu, bado."

Ijumaa usiku, wakati wa mapumziko ghalani, alinijia na simu. Jina la mpigaji yule wa Altoona lilikuwa kwenye orodha: amepandishwa Indianapolis.