Baklava: ya Gaziantep au ya Kigiriki?

Ubishi huu hauishi, hasa sahani mbili zikikaa meza moja. Zote ni manda nyembamba mno, tabaka juu ya tabaka, zikaokwa na kumwagiwa shira. Tofauti iko ndani.

Ile ya Gaziantep, kusini mashariki mwa Uturuki, haina mbwembwe za viungo. Ni samli safi, shira ya sukari na pistachio za kijani zinazochumwa mapema, kabla hazijakomaa. Ikiwa bado mpya hulia kwa mkwaruzo unapoikata, na wenyeji huigeuza juu chini ili upande wenye shira uguse kaakaa kwanza. Nilidhani ni madaha tu, hadi nilipojaribu. Tangu 2013 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya.

Ya Kigiriki ni jozi (zile kokwa za walnut), asali, mdalasini na karafuu. Aliyekulia kwenye chai ya viungo haimpi shida.

Kwa bei, jozi kwa kawaida ni nafuu kuliko pistachio. Kwa kukaa, ya asali hunoga zaidi siku ya pili viungo vikishakolea, ilhali ya Gaziantep husubiri kidogo tu kabla ya kupoteza mlio wake. Friji waachie samaki; huko samli huganda na ladha ikafifia.

Unaoka mwenyewe kwa wageni wengi wa Idi? Jozi itausamehe mfuko wako. Unapita Istanbul na begi lina nafasi ya boksi moja? Beba ya pistachio, uifungue usiku huohuo.