Nilivyopeleka taka za ukarabati dampo la Pugu Kinyamwezi

Tulipobomoa jiko letu hapa Tabata, Dar es Salaam, uani palibaki mlima: matofali, marumaru za zamani, dari ya jipsamu iliyolowa, sinki la chuma, vioo vya dirisha na viroba saba vya taka za ndani. Kijana mmoja mwenye guta akaahidi kuanza na viroba, nikamlipa. Kesho yake nikavikuta kwenye mfereji unaoteremka Mto Msimbazi. Roho iliniuma. Mvua ikinyesha, hapo ndipo mfereji unapoziba na maji kuingia majumbani mwa watu. Isitoshe, sisi wa Tabata tunajua adha ya jalala: dampo la jiji lilikuwa hapahapa, hadi wakazi walipoishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 na Mahakama Kuu ikawapa haki. Nikavitoa viroba mferejini, nikaamua kwenda mwenyewe.

Kabla ya kukodi gari nilichambua mzigo, na hapo ndipo nilipookoa hela. Kifusi hakikufika dampo kabisa. Niliokota misumari na plastiki, jirani anayejenga akaja kukichukua chote akajazie msingi. Sinki likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzigo uliokuwa wa lori la Fuso ukaenea kwenye kirikuu moja, kale kagari kadogo ka mizigo.

Tulitoka asubuhi, turubai juu, tukapitia Gongo la Mboto. Langoni tuliulizwa tumebeba nini, tukalipia, tukaonyeshwa pa kumwaga. Malori makubwa yanajimwaga yenyewe. Kirikuu ni koleo na mikono, kwa hiyo nenda na mtu wa kukusaidia, na vaeni buti. Kandambili usithubutu.

Hatujamaliza kufungua bodi, waokota chupa na vyuma wakawa wamefika. Mama mmoja akauliza, "Baba, humu kuna vioo?" Nikamwonyesha kiroba cha vioo na vipande vya marumaru, nilichokifunga peke yake na kukitia alama ya rangi nyekundu. Akawaita wenzake wakikwepe. Wanachambua kwa mikono mitupu wale. Nakuomba sana, usichanganye vioo na taka nyingine.

Na dereva mpatane mapema kwamba bei ni pamoja na muda wa kushusha. Sisi tulitumia karibu saa nzima.