Dawa za ukungu zenye shaba: ipi ununue kwa nyanya na kahawa

Ukiingia duka la pembejeo msimu wa mvua, muuzaji atakushushia pakiti tatu nne za kopa, yaani dawa hizi za shaba, na kuanza kukutajia asilimia: hii 85, ile 77. Usibabaike na namba kubwa. Geuza pakiti, tafuta palipoandikwa kiasi cha shaba yenyewe. Oksikloridi ya shaba ya asilimia 85 na haidroksidi ya shaba ya asilimia 77 zote zina shaba asilimia 50 hivi. Hapo ndipo bei zinalinganishika.

Jambo lingine kabla hujatoa hela: shaba hukinga, haitibu. Bakajani, ugonjwa unaokausha majani, ikishaingia ndani ya jani, umechelewa.

Kwa nyanya, ya kwanza kwangu ni haidroksidi. Chembe zake ni laini, hutapakaa vizuri na huachia shaba upesi. Husaidia pia kuzuia madoa ya bakteria, kazi ambayo mankozebu, dawa ya ukungu isiyo na shaba, peke yake haiiwezi.

Kwa kahawa ningechukua oksidi nyekundu ya shaba, ile inayoacha rangi ya udongo mwekundu kwenye bomba na kwenye shati. Zipo zenye shaba asilimia 75, na hunata vizuri mvua zinapoandamana, wakati ambao chulebuni (ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa) na kutu ya majani hushambulia.

Oksikloridi naiweka ya tatu. Mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, na kwa kinga ya kawaida inatosha kabisa.

Ya mwisho ni mrututu, zile chenga za bluu. Shaba yake ni robo tu ya uzito, na ukiunyunyiza peke yake utaunguza majani. Lazima uchanganywe na chokaa, kama mtaalamu wa mimea Millardet alivyoonyesha mwaka 1885 kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa. Kwa lita 10 za maji: gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, kila kimoja kwenye ndoo yake ya plastiki, kisha mimina maji ya mrututu kwenye ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi wa chuma kwa dakika chache. Ukitoka na utando mwekundu, shaba bado iko huru: ongeza chokaa. Tumia siku hiyohiyo. Nimeushusha mkiani kwa sababu chokaa za mitaani hazilingani ubora, tena masimbi yake huziba nozeli, ukabaki shambani unapuliza kwa mdomo, jambo ambalo ni hatari.

Vyovyote utakavyochagua, dai pakiti iliyofungwa yenye namba ya usajili. Dawa ya kupimiwa kwa kijiko huijui ni nini. Dawa ya shaba usiichanganye na mbolea ya majani yenye asidi, itaunguza. Na bomba usilioshee mtoni, kwani shaba huua samaki.