Kaseti ya dakika 90 kutoka kwa fundi wa Kamalondo

Kibanda hiki kiko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kazi yake ni moja tu: kuhamisha muziki kutoka kwenye santuri kuuingiza kwenye kaseti. Nilimpelekea fundi orodha ya fanki na jazi ya soul, muziki wa Wamarekani weusi wa miaka ya 1960 na 1970, nikamwomba anipangie kaseti ya dakika 90, na kwa dola 8, kaseti ikiwemo, nimepata kazi ambayo sikuitegemea.

Kabla ya kurekodi alisugua kichwa cha deki, yaani mashine ya kurekodia kaseti, kwa pamba yenye spiriti, akanionyesha jinsi pamba ilivyotoka na rangi ya kahawia, kisha akauzungusha utepe kwa kidole mpaka kile kipande cha mwanzo kisichoshika sauti kikapita. Faida yake inasikika tangu wimbo wa kwanza, "Back at the Chicken Shack" wa Jimmy Smith, ambaye kinanda chake cha umeme cha Hammond hakihitaji mpiga besi kwa kuwa besi anaipiga mwenyewe kwa miguu na mkono wa kushoto: ile ngurumo ya chini imeingia nzito, safi, bila mkwaruzo.

Mpangilio ndio ulionifurahisha zaidi. Nyimbo za jazi ya soul ni ndefu ("The Sidewinder" wa Lee Morgan peke yake unapita dakika 10), ilhali fanki nyingi ni za dakika tatu hivi, kwa hiyo ukizichanganya ovyo utepe utakwisha saksafoni ikiwa bado inalia. Fundi alipiga hesabu kwenye daftari, akaweka zile ndefu upande A na kuufunga kwa kundi la Crusaders, ili ukigeuza kaseti umkute James Brown, kwa sababu, alisema, wote walipanda jukwaani Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, Septemba 1974.

Kasoro ni moja, nayo iliniuma. "Cold Sweat" wa 1967 uligawanywa kwenye pande mbili za santuri ndogo, naye alirekodi sehemu ya kwanza bila kuigeuza, hivyo wimbo ukazimika pale pale ulipokolea. Nilipomrudishia hakubisha. "Pole, yaya (yaani mkubwa wangu), hapo nilikosea," akarekodi upya upande B wote bila kudai hata faranga.

Ukienda kwake, andika kando ya kila wimbo kama una sehemu mbili, tena uende asubuhi, kwa kuwa baa za jirani zikishaanza kupiga muziki huwezi kuisikiliza vizuri kaseti yako kabla ya kulipa.