Vitabu vya bure kwa mwanafunzi wa CS: kama utasoma kimoja tu, soma hiki

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo ni vitabu, na najua kuna mtu ameshaanza kusogeza kidole apite, subiri kwanza mdogo wangu, siongelei vile vya kununua bumu likitoka halafu vinakaa kabatini mpaka mahafali. Naongelea vitu vya kusoma kwa mtu aliyepo chuo anasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na karibu vyote ni bure, tena bure ya halali, wenyewe walioviandika ndio wameviweka mtandaoni uchukue.

Kigezo changu ni kimoja. Kitabu kinifanye nifungue teminali, lile dirisha la kuandikia amri, nijaribu kitu. Slaidi za lekchara zina kazi yake, zinakuonyesha mtihani utapita wapi, lakini slaidi ni vichwa vya habari tu, habari yenyewe hamna, na mtu akisoma slaidi miaka mitatu anatoka na GPA nzuri halafu ukimuuliza prosesi, yaani programu ikiwa inaendeshwa, ni nini anakupa sentensi aliyoikariri, ukimwambia basi tengeneza moja hapa tuione, kimya. Hiyo inaniuma sana kwa sababu vijana wetu akili wanazo, kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia soma hiki, acha kile.

Sasa nianze na namba moja wangu kabisa, Operating Systems: Three Easy Pieces, watu wanakiita OSTEP. Kimeandikwa na Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, mume na mke, wote maprofesa pale University of Wisconsin-Madison, Marekani. Ukiingia kwenye tovuti yao unakuta jedwali, na kila sura ni PDF yake peke yake. Hiyo ya kila sura peke yake naomba uizingatie, maana kama unaishi kwa bando la wiki hulazimiki kuvuta lifaili lizima, unavuta sura mbili za wiki hii, unasoma hata kwenye simu, basi.

Kimegawanyika sehemu tatu kubwa: jinsi mfumo endeshi, kama Windows au Linux, unavyoigawa CPU na memori kila programu ijione iko peke yake, jinsi kazi nyingi zinavyoenda kwa pamoja, na jinsi data inavyobaki salama kwenye diski. Baadaye wakaongeza na sehemu ya usalama. Na Kiingereza chake ni chepesi, wanaongea na wewe, kuna sura nyingine ni mazungumzo tu kati ya profesa na mwanafunzi wake, mtu ambaye Kiingereza cha vitabu kinamchosha hapa atapumua.

Ngoja niwaonyeshe sura ya pili, iko hapa kwenye skrini. Wanakupa programu ndogo ya lugha ya C, mistari michache tu, inatengeneza thredi mbili, yaani kazi mbili zinazoenda kwa pamoja ndani ya programu moja, kila thredi inaongeza moja kwenye kaunta mara kadhaa ulizoitajia. Ukiiambia mara 1,000, mwisho kaunta inasoma 2,000, safi, kila mtu anatikisa kichwa. Halafu wanaiendesha kwa 100,000. Hapo unategemea 200,000 si ndio? Kitabuni inatoka 143,012. Wanairudia ile ile, hawajagusa herufi hata moja, inatoka 137,298. Ukiiendesha kwako utapata namba yako nyingine, na ukirudia itabadilika tena!

Na hapo ndipo kitabu kinapokushika, kwa sababu hawakupi jibu lote palepale, wanakudokeza tu chanzo, mengine wanakuahidi kwamba tutafika. Ukifika sehemu ya pili unaelewa kwa undani kwamba ule mstari mmoja wa kuongeza kaunta, kwa mashine ni hatua tatu: soma namba kutoka memori, ongeza moja, irudishe memori. Sasa thredi ya kwanza imesoma 50, kabla haijarudisha 51, mfumo ukaisimamisha ukaipa zamu thredi ya pili, nayo ikasoma 50 ile ile, ikarudisha 51, kisha ya kwanza inarudi nayo inarudisha 51. Imeongezwa mara mbili, imehesabiwa mara moja. Fikiria hiyo kaunta ingekuwa salio la mtu kwenye mfumo wa pesa. Mwanafunzi aliyeiona namba ikipotea kwenye laptop yake mwenyewe humfundishi tena umuhimu wa loki, ile kufuli ya kuzuia thredi mbili zisiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja, ameshaujua mwenyewe.

Kuna sura nyingine ambayo kila mtu anayeishi na umeme wetu huu anatakiwa asome, ile ya crash consistency, yaani mafaili kubaki sawa mashine ikizimika ghafla. Swali lao ni hili: unaongeza kipande kimoja tu cha data kwenye faili, diski inatakiwa kuandikwa sehemu tatu, ile data yenyewe, inode inayosema faili liko wapi, na bitmapu inayosema kipande gani cha diski kimeshachukuliwa. Diski haiwezi kuziandika zote tatu kwa mpigo mmoja. Umeme ukakatika katikati. Sasa kama data tu ndiyo iliyofika, ni kama hujaandika kitu, unapoteza ulichoandika lakini diski iko salama. Kama ni bitmapu tu, hapo una nafasi ambayo haitumiki na haina mwenyewe. Kama ni inode tu, ndio mbaya, faili linaelekeza mahali ambapo pana takataka za zamani. Wanazipitia zote moja moja, taratibu, halafu ndio wanakuletea jeno, kwamba mfumo unaandika kwanza pembeni "nataka kufanya hivi na hivi", ikishakaa vizuri ndio unafanya kweli, umeme ukirudi unasoma ule ujumbe unamalizia. Ndiyo maana Linux yako yenye ext4, ule mpangilio wa mafaili kwenye diski wenye jeno, inazimika ghafla mara ngapi na bado inawaka. Mimi sura hii huwa nampa hata mtu ambaye hana mpango wa kuwa programa.

Kasoro zake? Zipo. Kwanza kinahitaji ujue C, tena C ya pointa, zile zinazobeba anwani za memori, bila hiyo utakwama mapema sana. Pili mifano mingine haitoki kama kitabuni. Kuna ule mfano ambao programu mbili zinaonyesha anwani ile ile ya memori, 0x200000, halafu kila moja ina namba yake tofauti mle ndani, mfano mtamu sana, lakini kwenye Linux ya sasa anwani zitakuja tofauti kwa sababu mfumo unazichanganya makusudi kwa ajili ya usalama. Wameeleza kwenye tanbihi, wengi tunazirukaga. Tumia amri ya setarch na -R, inazima huko kuchanganya, utaona anwani zinafanana hata kama sio 0x200000 yenyewe. Mazoezi yao mengi ni simyuleta, programu za kuigiza, za Python, zinaenda bila intaneti, na laptop ya RAM 4GB inatosha kabisa. Miradi mikubwa ya xv6, ule mfumo endeshi mdogo wa MIT, hiyo iache mpaka likizo.

Sasa hiyo C tunaitoa wapi. Hiki hapa mkononi, cheupe, herufi C kubwa ya bluu, The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie. Ritchie ndiye aliyeitengeneza C yenyewe pale Bell Labs. Toleo la kwanza ni la 1978, chukua la pili la 1988, lile limeandikwa ANSI C kwenye gamba, maana la kwanza namna ya kuandika funksheni ni ya zamani na kompaila yako, ile inayogeuza ulichoandika kuwa programu ya kuendesha, italalamika. Hiki sio bure, nasema mapema, lakini ulizia maktaba ya chuo, kwenye maktaba nyingi kipo, na wengi hawakiazimi kwa sababu ni chembamba na ni cha zamani, wanadhani hakina kitu. Kurasa hazifiki 300!

Uzuri wake ni kwamba kila neno lina kazi. Mfano, mapema kabisa sura ya kwanza wanasoma herufi moja moja kwa getchar, na ile c wameitangaza kuwa int, yaani namba nzima, sio char. Mwanafunzi anajiuliza, herufi si ni char? Wanaeleza kwa sentensi chache: lazima ile c iweze kubeba herufi yoyote ile pamoja na EOF, alama ya kwamba data imeisha, ambayo haitakiwi kufanana na herufi yoyote, kwa hiyo char haitoshi. Jambo dogo, lakini nimeona programu nyingi za watu zina kosa hilo hilo. Na ukifika sura ya mwisho wanakuandikia malloc, funksheni ya kuomba memori, mbele ya macho yako, ile ile ambayo ulikuwa unaiita tu kama muujiza.

Ila usikitumie kujifunza programu kwa mara ya kwanza maishani. Hakikubembelezi. Na kuna mambo humo ya kizamani, gets kwa mfano iko kwenye orodha yao ya funksheni, na ilishaondolewa kwenye C tangu kiwango cha 2011 kwa sababu haiangalii ukubwa wa nafasi uliyoipa, mtu akiandika maneno marefu yanafurika. Usiitumie kabisa.

Kama hujawahi kuandika programu hata moja anza na CS50 ya Harvard, ya David Malan, video zake ni bure na zinadanlodika. Ndiyo ile anayochana kitabu cha simu katikati kuonyesha jinsi ya kutafuta jina haraka. Wiki ya kwanza kabisa ni Scratch, ile ya kupanga programu kwa vipande vya picha, halafu C, baadaye ndio Python na SQL, lugha ya hifadhidata. Cheti cha bure kipo, cha kulipia kupitia edX, tovuti ya kozi, pia kipo, mimi nasema chukua cha bure. Shida yake moja tu kwetu, mazingira yao ya kuandikia programu yanataka intaneti muda wote, kwa hiyo panga siku zako za Wi-Fi ya chuo.

Algoridhimu. Hapa najua nitagombana na watu. Kila mtu atakwambia nunua Introduction to Algorithms ya akina Cormen, toleo la nne la 2022, zaidi ya kurasa 1,200. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana na nakiheshimu, lakini ni cha kurejea, unaenda kutafuta kitu unachokijua jina lake. Kukisoma kuanzia mwanzo peke yako ghetto bila mwalimu, wengi wanaishia sura ya nne. Mimi nakupa Algorithms cha Jeff Erickson wa University of Illinois, kilitoka 2019, PDF ni bure kwenye tovuti yake. Anaanza na rikasheni, yaani kutatua tatizo kwa kulitatua lile lile likiwa dogo zaidi, anakaa nayo, haondoki mpaka imekuingia, ndipo anakuja backtracking, kujaribu njia na kurudi nyuma ikigoma, ndipo dynamic programming, kuhifadhi majibu madogo usiyahesabu tena. Na kwenye dynamic programming anasema kitu ambacho kingewaokoa watu wengi na sapu: kazi sio kujaza jedwali, kazi ni kuandika rikasheni sahihi kwanza, jedwali linakuja lenyewe. Jaribu hivyo kwenye swali lolote la mitihani iliyopita, andika rikasheni kwanza kwa maneno ya kawaida, utaona. Tatizo ni kwamba mazoezi hayana majibu nyuma, kwa hiyo tafuta wenzako wawili watatu mkae pamoja.

Hisabati zikikusumbua, kuna Mathematics for Computer Science ya MIT, Lehman, Leighton na Meyer, bure, ni kubwa, usihangaike nayo yote, chukua uthibitisho na induction tu kwanza. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi yako, soma Pro Git, bure pia, sura tatu za mwanzo zinatosha kwa mwaka mzima.

La mwisho, wale ambao laptop bado. Nimeulizwa sana hili. Simu ya Android inatosha kuanza, na sisemi kukufariji. Weka Termux, inakupa teminali kwenye simu, ichukue F-Droid, duka la programu huria, ile ya Play Store iache. Andika pkg install clang git, subiri ishuke, hapo una kompaila ya C kamili mfukoni. Programu za OSTEP ziko GitHub, tovuti ya kuwekea programu, zivute mara moja tu, baada ya hapo bando halihusiki. Angalizo moja, mafaili yako yaweke kwenye folda ya nyumbani ya Termux yenyewe, ukiyaweka kwenye memori ya kawaida ya simu utakompaili vizuri halafu ukiendesha itakwambia Permission denied, na utadhani umekosea programu kumbe Android ndiyo imekataa. Kibodi ya simu inachosha, ukipata ndogo ya Bluetooth au ya waya na OTG, kile kiunganishi cha USB kwenye simu, itakusaidia sana.

Video ijayo naiendesha ile programu ya thredi kwenye simu mwanzo mwisho, tunaiwekea loki, halafu tunaangalia inakuwa taratibu kiasi gani. Kabla ya hapo vuta sura ya pili ya OSTEP, uwe umeshaiona namba yako.